Bohemia Baada ya Mlima Mweupe

Vita vya Mlima Mweupe vilipiganwa siku ya Jumapili, tarehe 8 Novemba 1620, juu ya kilima kilicho karibu na Praha, mji mkuu wa ufalme wa Bohemia. Ukungu wa asubuhi ulipotanduka, jeshi la Kaisari Ferdinand II pamoja na wasaidizi wake wa Bavaria lilipanda kilima kulikabili jeshi la makabaila wa Kiprotestanti. Na kabla ya muda wa saa mbili kutimia mambo yalikuwa yamekwisha. Friedrich wa Palatinate, mfalme ambaye waasi walijichagulia wenyewe, hakuwako vitani. Alikuwa katika ngome yake akila chakula pamoja na wajumbe wa Uingereza, na habari za kushindwa zilimfikia pale pale. Siku ya pili alikimbia, akaishia Uholanzi, na kwa kuwa alitawala muda usiozidi sana majira moja ya baridi, adui zake walimpa jina la Mfalme wa Kipupwe.

Vita vyenyewe, basi, vina machache ya kuelezwa. Maasi mengi yameshindwa katika historia ya Ulaya, na aghalabu washindi wamekata vichwa wakaenda zao. Katika Bohemia vichwa vilikatwa asubuhi moja tu. Kisha washindi wakakaa kitako na kalamu, na mizani ya fedha, na daftari za mashamba, wakafanya kazi kwa muda wa miaka saba. Kazi hiyo ndiyo iliyoigeuza nchi, na athari zake zilidumu muda mrefu baada ya majeraha ya askari kupona.

Bohemia ilikuwa na mazoea ya kale ya kubishana na Roma. Tangu Jan Hus alipochomwa moto mjini Konstanz mwaka wa 1415, Wabohemia wengi walishika desturi ya kuwapa waumini wote mkate na divai katika meza ya Bwana, ilhali Kanisa la Roma liliwawekea mapadre peke yao ile divai. Hivyo kalisi, yaani kikombe cha divai, ikawa alama ya nchi nzima. Baadaye yalikuja mafundisho ya Luther na Calvin. Kando yao liliishi kundi dogo la wenyeji lililojiita Umoja wa Ndugu, watu wapole, wenye shule nzuri na mtambo wa kupigia chapa, ambao waliifasiri Biblia nzima kwa Kicheki na kuitoa kwa mafungu mjini Kralice tangu mwaka wa 1579. Mwaka wa 1609 Kaisari Rudolf II, akibanwa huku na huku na matatizo ya ukoo wake, alitia sahihi Hati ya Kifalme iliyowapa wenyeji uhuru wa dini. Kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa mno, kwa sababu uhuru huo haukuwa wa makabaila tu. Uliwafikia hata wakulima.

Ferdinand, aliyekubaliwa kuwa mfalme mwaka wa 1617, alikuwa amelelewa na Wajesuiti na alikwisha kuwafukuza Waprotestanti katika nchi yake ya Styria. Wabohemia walijua hayo walipomkubali, na ni vigumu kuwatetea kwa kosa hilo. Ubishi ulipozuka juu ya makanisa mawili yaliyofungwa na kubomolewa, wakuu wa Kiprotestanti walipanda katika ngome ya Praha tarehe 23 Mei 1618 wakawatupa nje ya dirisha maliwali wawili wa Kaisari, Slavata na Martinic, pamoja na karani wao. Wote watatu walipona. Wakatoliki walisema kwamba Bikira Maria aliwapokea. Waprotestanti walisema kwamba walipokewa na jaa. Katika mwaka wa 1619 Ferdinand aliuzuliwa ufalme na Friedrich akapewa taji, na mwaka mmoja baadaye ikaja ile Jumapili ya Mlima Mweupe.

Ili msomaji aielewe adhabu iliyofuata, yampasa kwanza akumbuke kwamba mshindi alikuwa mdeni. Ferdinand hakuwa na jeshi la kutosha lake mwenyewe. Alisaidiwa na Maximilian wa Bavaria, ambaye hakutoa msaada bure. Alisaidiwa na Hispania. Alisaidiwa hata na mtawala wa Saksonia, Johann Georg, aliyekuwa Mluteri, na ambaye alipewa nchi ya Lusatia kuwa rehani ya gharama zake. Maakida walidai mishahara ya askari wao. Kaisari mwenye itikadi kali na mfuko mtupu aliitazama Bohemia kwa macho mawili: kwa jicho moja aliona nchi ya wazushi iliyompasa kuiokoa, na kwa jicho la pili aliona mali. Wanahistoria wamebishana juu ya jicho lipi lililoona mbali zaidi. Matendo yake yaonyesha kwamba yalitazama pamoja, na kwamba hukumu ya uhaini ilikuwa na faida ya kuyaridhisha yote mawili.

Liwali aliyewekwa Praha alikuwa Karl von Liechtenstein. Yeye alizaliwa na kulelewa katika Umoja wa Ndugu, akageukia Ukatoliki mwaka wa 1599. Slavata, yule aliyetupwa dirishani, alitoka katika malezi ya namna hiyo hiyo. Albrecht von Wallenstein, ambaye habari zake zitafuata, naye alizaliwa na wazazi Waprotestanti. Jambo hili halikosi maana. Wengi wa waliovuna katika msiba huu walizijua nyumba za waliofilisiwa tangu utotoni, walikula mezani mwao, na waliyajua mashamba yao vizuri kuliko karani yeyote wa Vienna.

Kwa muda wa miezi mitatu hakuna aliyeguswa, na baadhi ya viongozi waliojificha walidhani hasira imepoa. Mwezi wa Februari 1621 wakakamatwa kwa mara moja. Mahakama ya pekee iliundwa, hukumu zikapelekwa Vienna, zikarudi na sahihi ya Kaisari. Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1621, katika uwanja wa Mji Mkongwe wa Praha, juu ya jukwaa lililofunikwa kwa nguo nyeusi, watu 27 waliuawa: makabaila wakubwa watatu, makabaila wadogo saba, na wenyeji wa miji kumi na saba. Ishirini na wanne walikatwa vichwa na watatu walinyongwa. Mkata vichwa wa mji, Jan Mydlář, alitumia panga nne, na ngoma zilipigwa bila kukoma ili maneno ya mwisho ya wafao yasisikike kwa watu.

Waliokufa hawakuwa kundi la watu wa aina moja. Joachim Andreas Schlick alikuwa kabaila wa asili ya Kijerumani. Kryštof Harant alikuwa mtungaji wa muziki aliyesafiri mpaka Palestina na Misri mwaka wa 1598, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Václav Budovec alikaa Istanbul miaka kadhaa akiwa na wajumbe wa Kaisari, akajifunza Kituruki na Kiarabu, na uzeeni akatoa kitabu cha kuwakinza Waislamu. Baada ya vita aliipeleka jamaa yake mahali salama, kisha yeye mwenyewe akarudi Praha. Kašpar Kaplíř alikuwa mkongwe aliyekwisha kupita miaka themanini. Jan Jesenius, mkuu wa chuo kikuu, alikuwa tabibu aliyeipasua maiti mbele ya watu mjini Praha mwaka wa 1600 ili kuwafundisha maungo ya mwili. Naye alikatwa ulimi kabla ya kukatwa kichwa, kwa kuwa alitumia ulimi huo kuwatafutia waasi marafiki huko Hungaria. Miongoni mwao alikuwamo hata Mkatoliki mmoja, Diviš Černín, ambaye kosa lake lilikuwa kuwafungulia waasi lango la ngome siku ya dirisha. Wale wa karne zilizofuata waliopenda kukifanya kifo cha watu hawa kuwa ugomvi wa Wacheki na Wajerumani walilazimika kuwasahau Schlick na wenziwe. Na waliopenda kukifanya kuwa ugomvi wa dini tupu walilazimika kumsahau Černín.

Vichwa kumi na viwili vilitiwa katika vikapu vya chuma vikatundikwa juu ya mnara wa daraja, mahali ambapo kila aliyevuka mto Vltava alipita chini yake. Kimoja, cha Schlick, kilirudishwa kwa jamaa yake mwaka uliofuata. Vile vingine vilikaa pale miaka kumi.

Huo ulikuwa mwisho wa damu ya hadharani. Waliobaki waliambiwa kwamba Kaisari, kwa huruma yake, amewasamehe uhai na heshima, ila mali zao zitatazamwa. Makabaila walitakiwa kujileta wenyewe mbele ya mahakama na kuungama kosa. Zaidi ya watu 600 walihukumiwa kupoteza mali yote, au nusu, au theluthi, kwa kadiri ya kosa. Na hata yule aliyepoteza sehemu tu, kwa kawaida shamba lake zima lilitwaliwa na kuuzwa, kisha yeye akaahidiwa kulipwa ile sehemu iliyobaki kwa fedha taslimu. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa mtego, kwa maana fedha taslimu ya Bohemia ilikuwa ikigeuka shaba.

Habari ya sarafu yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyoumiza watu wengi kuliko upanga wa Mydlář. Mwezi wa Januari 1622 Kaisari alifanya mkataba na shirika la watu wachache, akawapa haki ya kupiga sarafu zote katika Bohemia, Moravia na Austria ya Chini kwa muda wa mwaka mmoja, nao wakaahidi kumlipa gulden milioni sita. Katika shirika hilo walikuwamo liwali Liechtenstein mwenyewe, Wallenstein, Pavel Michna, mtumishi wa serikali, Jacob Bassevi, tajiri wa Kiyahudi wa Praha, na Hans de Witte, mfanyabiashara aliyetoka Antwerp. De Witte alikuwa Mkalvini. Alibaki Mkalvini mpaka alipokufa, na hakuna aliyemsumbua kwa dini yake katika miaka ile ile ambayo wachungaji wa Kikalvini walifukuzwa nchini, maadam Kaisari alimhitaji.

Kabla ya maasi, kipimo kimoja cha fedha safi kilitoa gulden zisizofika ishirini. Shirika liliruhusiwa kutoa gulden 79 katika kipimo kile kile, kwa kuongeza shaba. Sarafu njema za zamani zilikusanywa kwa amri, zikayeyushwa. Mbaya zikatolewa mahali pake. Bei za vyakula zilipanda hata fundi aliyelipwa mshahara wa juma hakuweza kununua chakula cha siku chache. Wakulima wakaacha kuleta nafaka sokoni, na wenye kuweka akiba kwa ajili ya uzee au mahari wakaona akiba yao imekuwa vipande vya chuma. Wakati huo huo mashamba yaliyofilisiwa yalikuwa yakiuzwa. Yalikadiriwa kwa thamani ya zamani na kununuliwa kwa sarafu mpya. Na wanunuzi wakubwa walikuwa wale wale waliozipiga. Mwezi wa Desemba 1623 serikali ilitangaza kwamba sarafu hizo zimepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za thamani yake. Aliyekuwa amekwisha kuzigeuza ardhi alitajirika. Aliyekuwa nazo mkononi alikuwa maskini kwa siku moja.

Kufa kufaana. Wallenstein alikusanya mashamba zaidi ya hamsini kaskazini mwa nchi, akayaunganisha yakawa dola ndogo ya Friedland, na mwaka wa 1625 akawa mtemi mkuu wake. Eggenberg, mshauri mpenzi wa Kaisari, alipata Krumlov. Akida Bucquoy, mtu wa nchi za chini za Hispania, alipewa Nové Hrady, na Marradas, Mhispania, akapata Hluboká. Ukoo wa Liechtenstein ulizidisha mashamba yake katika Bohemia na Moravia, na utajiri huo ndio uliouwezesha baadaye kununua ile nchi ndogo kati ya Uswisi na Austria inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Kwa jumla ipatayo nusu ya ardhi ya Bohemia, na kwa hesabu za baadhi ya wanahistoria zaidi ya nusu, ilibadilisha wenyewe. Kaisari, aliyeanzisha yote hayo ili alipe madeni yake, alipata kidogo kuliko alivyotarajia, kwa kuwa naye alilipwa kwa shaba. De Witte aliendelea kumkopesha Wallenstein mpaka mwaka wa 1630, mikopo ilipomshinda, akajitupa katika kisima cha nyumba yake akafa. Wallenstein naye aliuawa mjini Cheb mwaka wa 1634 kwa amri ya Kaisari yule yule, na mashamba yake yakagawanywa tena.

Katika mambo ya dini washindi walikwenda hatua kwa hatua, na hatua hizo zilipimwa kwa siasa. Desemba 1621 walifukuzwa wachungaji wa Kikalvini na wa Umoja wa Ndugu. Waluteri waliachwa kwa muda, ili Johann Georg wa Saksonia asiudhike; na alipokwisha kuzoea, katika Oktoba 1622, wao pia wakafukuzwa. Johann Georg aliandika malalamiko lakini hakuirudisha Lusatia. Mwaka ule ule wa 1622 waumini walikatazwa divai ya kalisi, na chuo kikuu cha Jesenius kikakabidhiwa kwa Wajesuiti. Mwaka wa 1623 kalisi kubwa ya dhahabu iliyokuwa mbele ya kanisa la Týn, pamoja na sanamu ya mfalme Jiří wa Poděbrady, iliteremshwa, na mahali pake ikasimamishwa sanamu ya Bikira Maria. Husimuliwa kwamba dhahabu ya ile kalisi ndiyo iliyofanyizwa taji la nuru la sanamu. Tangu mwaka wa 1624 asiyekuwa Mkatoliki hakuweza kuwa raia wa mji, wala kufanya kazi ya ufundi wala biashara ndani yake. Mahali pengine askari walipangishwa katika nyumba za wakaidi, wakala na kunywa humo kwa gharama ya mwenye nyumba, mpaka alipoonyesha cheti cha padre kwamba ameungama.

Si Wakatoliki wote waliopendezwa na njia hiyo. Askofu mkuu Harrach na mshauri wake Valeriano Magni, mtawa Mkapuchini, waliona kwamba imani iliyoingizwa kwa askari ni imani ya midomo, wakashauri subira na mafundisho. Lakini Lamormaini, Mjesuiti aliyemuungamisha Kaisari, alikuwa na sikio la Kaisari kila siku, nao hawakuwa nalo.

Mwezi wa Mei 1627 ilitangazwa sheria mpya ya nchi, na Moravia ikapata ya kwake mwaka uliofuata. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kutisha: watu wa Bohemia, kwa kuasi, wamepoteza haki zao zote za kale, na kila haki watakayokuwa nayo tangu sasa ni zawadi ya mfalme. Ufalme uliokuwa wa kuchaguliwa ukawa wa kurithiwa. Maaskofu na wakuu wa watawa waliwekwa mbele ya makabaila katika baraza. Kijerumani kikapewa daraja sawa na Kicheki mahakamani. Hati ya Kifalme ya 1609 ikafutwa. Husemwa kwamba Ferdinand aliikata kwa mkono wake. Mwezi wa Julai mwaka ule ule makabaila wa Kiprotestanti waliambiwa wachague, katika miezi sita, kati ya kugeuka na kuhama.

Wengi walihama. Walikwenda Saksonia, Polandi, Hungaria, Uholanzi na Uswidi, wakiuza kwa haraka walichoweza kuuza. Slavata, ambaye hakuwa na sababu ya kuwahurumia, alikadiria kwamba jamaa 36,000 ziliondoka. Watafiti wa baadaye wameona idadi hiyo kuwa ya juu, lakini hawakukana kwamba miji mizima ilipoteza mafundi, walimu na matabibu wake. Mji wa Pirna huko Saksonia ulijaa wakimbizi, na Leszno nchini Polandi ukawa makao ya Umoja wa Ndugu. Miongoni mwa waliovuka mpaka mwezi wa Februari 1628 alikuwamo Jan Amos Komenský, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la Kilatini la Comenius. Alikuwa mchungaji wa Fulnek. Baada ya vita alijificha katika mashamba ya kabaila mmoja baada ya mwingine, na mwaka wa 1622 tauni ikamwondolea mkewe na watoto wawili. Huko Leszno alikuwa mwalimu, na kitabu chake cha kufundishia lugha kilichotoka mwaka wa 1631 kilienea katika shule za Ulaya zilizokuwa za Wakatoliki na Waprotestanti vile vile. Mwenyewe alikiona kuwa kazi ya kupitisha wakati mpaka siku ya kurudi.

Haki ya kuhama, hata hivyo, ilikuwa ya wenye hadhi. Mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake hakuulizwa kama angependa kuondoka. Yeye alikuwa sehemu ya shamba, na shamba lilipouzwa aliuzwa nalo. Kwake njia ilikuwa moja tu: kugeuka. Watu wa milima ya Moravia ya mashariki walishika silaha mara kwa mara mpaka walipovunjwa kabisa mwaka wa 1644. Wengine wakaenda misa mchana na kusoma Biblia ya Kralice usiku. Vitabu vilifichwa chini ya sakafu, ndani ya mizinga ya nyuki na nyuma ya meko, na hadithi moja husema kwamba mwanamke mmoja aliikanda Biblia ndani ya unga na kuichoma pamoja na mkate wapekuzi walipobisha hodi. Wapekuzi hao hawakuwa wa hadithi. Mjesuiti Antonín Koniáš alizunguka vijijini kwa muda mrefu wa karne ya kumi na nane, akatoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka wa 1729, na akawa mashuhuri kwa maelfu ya vitabu aliyoyachoma.

Tumaini la wahamiaji liliinuka mara moja. Mwezi wa Novemba 1631 jeshi la Saksonia, ambalo sasa lilikuwa limeungana na Uswidi, liliingia Praha. Wahamiaji waliingia nyuma yake, Thurn aliyekuwa kiongozi wa maasi akiwa pamoja nao. Waliteremsha vichwa kutoka mnara wa daraja, wakavichukua kwa maandamano mpaka kanisa la Týn wakavizika. Miezi sita baadaye Wallenstein aliwafukuza Wasaksonia, na wenyeji walioonyesha furaha wakafilisiwa, wengine kwa mara ya pili.

Jambo linalodhihirisha zaidi mafanikio ya ile kazi ya miaka saba lilitokea mwaka wa 1648. Waswidi, Waprotestanti, waliiteka ngome ya Praha na mtaa ulio chini yake, wakajaribu kuvuka daraja waingie Mji Mkongwe. Waliowazuia, siku baada ya siku, walikuwa wenyeji wa mji pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu wakiongozwa na Mjesuiti Jiří Plachý. Miaka kumi na saba tu ilikuwa imepita tangu vichwa viteremshwe pale juu, na vijana waliopigana chini ya mnara ule walikuwa wa kizazi kilichokuja baada ya Mlima Mweupe. Ni rahisi kusema kwamba walilazimishwa. Walakini hakuna awezaye kumlazimisha mtu kupigana hivyo kwa muda wa miezi. Walikuwa wakiulinda mji wao dhidi ya wanyang'anyi, na dini iliyowajia kwa amri ilikuwa imekwisha kuwa yao.

Mapatano ya Westphalia yalitiwa sahihi mwaka ule ule. Uswidi ilipata nchi na fedha. Waprotestanti wa Ujerumani walipata ulinzi wa sheria. Watu wa Bohemia hawakupata kitu. Mali zilizotwaliwa hazikurudishwa, na katika nchi za Kaisari mwenyewe uhuru wa dini haukutajwa kwao. Comenius alimwandikia Oxenstierna, waziri mkuu wa Uswidi, kumlaumu kwa uchungu kwamba amewaacha waliomtumaini. Mwaka wa 1656 Leszno ilichomwa moto vitani, na miswada yake ya miaka mingi ikateketea. Alikufa Amsterdam mwaka wa 1670, askofu wa kanisa lisilokuwa na nchi.

Mwaka wa 1650 nguzo ya Bikira Maria ilisimamishwa katika uwanja wa Mji Mkongwe kuwa shukrani kwa wokovu kutoka kwa Waswidi. Lakini uwanja ndio ule ule wa jukwaa jeusi, na baadaye watu walichanganya kumbukumbu hizo mbili. Tarehe 3 Novemba 1918, siku chache baada ya dola ya Habsburg kuanguka, umati uliotoka kwenye mkutano wa kukumbuka Mlima Mweupe uliivuta nguzo hiyo chini ukidhani ni alama ya ushindi ule. Nakala yake ilisimamishwa tena mwaka wa 2020, baada ya ubishi wa miaka mingi. Mbele ya jumba la mji, misalaba 27 ya mawe meupe imetiwa katika sakafu ya uwanja, na wapitao huikanyaga bila kuiona.

Wale wa usiku, waliosoma vitabu vya mizinga ya nyuki, walingoja mpaka tarehe 13 Oktoba 1781, Kaisari Joseph II alipowaruhusu Waluteri na Wakalvini kuabudu. Wapelelezi wa serikali walishangaa kuona makumi ya maelfu ya watu wakijitokeza katika Bohemia na Moravia baada ya vizazi vitano au sita. Umoja wa Ndugu haukutajwa katika ruhusa hiyo, na waliokuwa wameuhifadhi walilazimika kujiandikisha kwa jina moja au jingine kati ya yale mawili.

Lakini baadhi yao hawakungoja. Mwaka wa 1722 jamaa chache za Moravia, waliosema Kijerumani, ziliongozwa usiku na seremala Christian David kuvuka mpaka mpaka mashamba ya kabaila Zinzendorf huko Saksonia, zikajenga kijiji cha Herrnhut. Wataalamu husema kwa haki kwamba kanisa lililozaliwa hapo lilikuwa la Zinzendorf zaidi kuliko la Comenius, kwani mafundisho yalikuwa mapya na Wajerumani wengi walijiunga. Hata hivyo uzi haukukatika. Mwaka wa 1735 askofu wa kwanza wa Herrnhut, David Nitschmann, aliwekewa mikono na Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius, mmoja wa wachache waliobaki na cheo hicho cha zamani. Wamisionari wao wa kwanza walikwisha kwenda visiwa vya Karibi mwaka wa 1732. Mwaka wa 1891 walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa wakajenga Rungwe, na mwaka wa 1898 wakapokea Urambo kutoka kwa Jumuiya ya Misioni ya London. Na leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kama Tanzania. Katika Bohemia na Moravia zenyewe serikali ya Austria ililitambua kanisa hilo mwaka wa 1880, miaka kumi na mmoja tu kabla ya msingi wa Rungwe kuwekwa.